Msichana Aliyerudi kutoka Mwezini

Mtu akikuambia kwamba Bukavu, mwaka ule baada ya Wazungu kurusha chuma chao angani kikaizunguka dunia, kulikuwa na mwanamke wa mtaa wa Kadutu aliyempeleka mbuzi mwezini, usimcheke. Alimpeleka kweli. Mbuzi, mhunzi mzee na mtoto wa kike. Mwanamke huyo aliitwa Séraphine, fundi wa kushona, mke wa Évariste mwashi. Lakini kama unataka kumjua, usianze na mwezi. Anza na mkeka.

Mkeka ulikuwa umetandikwa katikati ya chumba cha mbele, na kila aliyeingia ilimbidi auzunguke. Aliyeuleta ni mama mkwe wake, Euphrasie, aliyeshuka nao kutoka kwao Walungu akiwa ameubeba kichwani, siku alipopata habari kwamba mjukuu wake Noëlla amefariki. Katika ukoo wao mtu hatoki hospitalini kwenda kaburini kama gunia la mihogo. Anaingizwa nyumbani kwanza, analazwa mkekani, na mama mzazi ndiye anayefungua kilio. Mama akishalia, wengine wanafuata. Kabla ya hapo hakuna wa kulia, na kama hakuna aliyelia, basi hakuna wa kunyoa nywele, hakuna wa kushika jembe, na mkeka haukunjwi.

Sasa tatizo ndilo hilo. Maiti haikuja, na Séraphine hakulia.

Noëlla alitoka nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Ugonjwa wa koo ulikuwa umeingia Kadutu, na mtoto aliamka na homa na sauti ya kukwaruza. Mama yake akamshika mkono, wakateremka kwenda hospitali. Noëlla alivaa viatu vya baba yake, vile vya mpira wa gari, maana vyake hakuvitaka hata umpige. Kwa hiyo alitembea kama alivyotembea siku zote: mguu wa kushoto anauburuta ili kiatu kisimtoke, halafu anaruka kidogo na wa kulia ili umfikie mwenzake. Buruta, ruka. Buruta, ruka. Mtaa mzima ulimjua kwa mlio huo kabla hajafika.

Pale mlangoni muuguzi alimpokea mtoto, akamwambia mama, "Weye unabakia hapa. Ni ugonjwa wa kuambukiza." Kulikuwa na uzio wa waya. Noëlla alipofika upande wa pili aligeuka akasema, "Mama, usifunge mulango. Nitarudia." Alizoea kuzurura kwa majirani mpaka giza liingie, na hiyo ndiyo ilikuwa sala yake ya kila jioni.

Juma halikuisha. Waliambiwa mtoto amekufa na amekwisha kuzikwa pamoja na wengine, kwa kuwa ugonjwa ule haungoji. Mtu mmoja mwenye koleo aliwaonyesha kifusi cha udongo, akasema, "Huyu hapa," halafu akatazama cha jirani, akakuna kichwa. Évariste alipiga magoti akalia kimya kimya, na hiyo yenyewe ilikuwa kosa, kwa sababu kilio kilikuwa hakijafunguliwa. Séraphine alisimama. Aliutazama udongo na hakusikia kitu. Aliporudi nyumbani alisonga bugali, akatia chumvi kwenye mboga ya lengalenga, akasahau, akatia tena, akala mpaka akamaliza, na chumvi hakuionja.

Watu wanapenda kusema huzuni inachoma. Wacha waseme. Ya Séraphine ilikuwa ganzi tupu, kama mguu ulioukalia muda mrefu: unajua ni wako, unaushika, lakini hauko. Siku moja sufuria ilimuunguza kiganja, akakitazama kikivimba kama anatazama mkono wa mtu sokoni.

Bukavu nayo haina siri. Wanawake wa bombani walianza. Mmoja alisema labda amerogwa. Mwingine akasema labda yeye ndiye mrogaji. Jirani mmoja mwenye huruma zaidi kuliko akili alimletea pilipili iliyosagwa, amtilie kidogo machoni ili mambo yaishe. Machozi yakatoka kama mferejini! Euphrasie akamsogelea, akamnusa, akarudi kukaa.

"Mimi nalizika watoto wangu watatu," alisema. "Machozi ya pilipili nayajua. Mutu mwenye hamulilie mutoto wake, atalilia nani? Atamulilia bwana wake? Atanililia mimi?"

Hakuwa mwanamke mbaya, Euphrasie, msimwonee. Alikuwa na kilio kimejaa kifuani na hakuruhusiwa kukitoa, na kitu hicho humfanya mtu awe mkali. Ndiye aliyetuma maneno Walungu, na wakubwa wa ukoo wakajibu: mama asipolia mpaka sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane, Évariste amrudishe kwao. Nyumba haiwezi kukaa na msiba ulio wazi namna hiyo. Évariste, aliyekuwa akijenga nyumba Bagira na kurudi jioni na saruji kwenye kope, alimpenda mke wake. Lakini tangu azaliwe hakuwahi kumshinda mama yake kwa maneno, na hakuanza mwaka huo.

Séraphine alisikia hukumu hiyo akiwa anapepeta mchele. Alijua anapaswa kuogopa. Alijitafuta ndani kama anayetafuta sindano gizani, na akaipata hofu moja tu, ndogo: tangu siku ile ya hospitali, kila usiku alikuwa akiuacha mlango bila komeo. Kadutu ina wezi, na Évariste alikuwa anajua, lakini hakuinuka kulitia. Akirudishwa kwao, mlango huo utafungwa. Wazo hilo tu ndilo lililokuwa na uzito kidogo. Mengine yote yalipita.

Basi akaendelea kwenda kazini. Kazi yenyewe ilikuwa misheni, kwa padri mmoja Mbelgiji ambaye jina lake halisi hakuna aliyelikumbuka, maana alikuwa na ndevu mpaka kifuani na watu walimwita Padri Ndevu akaitika. Padri huyu alikuwa akitengeneza sinema. Si sinema ya watu, sinema ya wanasesere wa mbao wenye nguo. Tangu chuma kirushwe angani alikuwa hapati usingizi, na hadithi aliyoitunga ni hii: mhunzi mzee wa mlimani anachukua mtumbwi wa kukamulia pombe ya ndizi, anaufunika kwa mabati, anaujaza kasiksi, pombe hiyo yenyewe, kali kuliko zote, anauwasha, na mtumbwi unapaa. Ndani yake wamo yeye, mbuzi wake, na mtoto wa jirani aliyejificha. Wanafika mwezini. Watu wa mwezini wana vichwa kama maboga na nyumba zisizo na milango. Mbuzi anakula nyota. Halafu wanarudi, na mtoto anapanda kilima mpaka kwao, mama yake yuko mlangoni, anaingia, mwisho. Mtoto mdogo angeielewa, na mzee asiye na jino angecheka mpaka ajute.

Séraphine aliajiriwa kushona nguo za hao wanasesere. Wa kuwasogeza alikuwa kijana mmoja aitwaye Placide. Sasa sikia kazi ilivyo. Unamweka mwanasesere mezani, taa zinawaka, kamera inapiga foto moja. Unamsogeza mguu kiasi cha punje ya mtama. Foto nyingine. Punje nyingine. Ukikohoa, ukigusa meza kwa kiwiko, asubuhi nzima imekwenda na maji. Haba na haba hujaza kibaba, lakini Placide hakuwa mtu wa haba. Alipiga chafya, mbuzi akaruka kama amepigwa risasi, Placide akacheka, na kwa kucheka akamwangusha mhunzi. Padri akashika ndevu zake kwa mikono miwili. Siku hiyo ndipo alipomwona Séraphine amesimama pembeni na sindano mkononi, hajacheka, hajashtuka.

"Mama," Padri akasema kwa Kiswahili chake, "wewe hapana kohoa. Hapana cheka. Wewe kuja hapa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kilichomfanya atengwe bombani kilimfanya awe fundi mezani. Saa zilipita hajakuna hata pua. Kila mtu mwingine ana mwili unaomwasha, ana jambo la kusema, ana njaa. Yeye hakuwa na kitu. Aliyebonyeza kamera alikuwa Apollinaire, katekista mwenye sauti nene. Sinema zile hazikuwa na sauti, kwa hiyo ndiye pia aliyezieleza kwa watu kwa kipaza sauti siku za kuonyesha. Hata kiziwi hawezi kukaa na mtu kama huyo bila kuchoka, lakini Séraphine hakuchoka, maana hakumsikiliza.

Mtoto wa sinema alipoanza kutembea, Apollinaire alimkaripia Séraphine. "Mama, huyu mutoto anachechemea! Ona, anaburuta mguu, kisha anaruka."

Padri alikuja akainama akatazama. Akacheka. "Muzuri. Acha vile. Anatembea kama mutu wa kweli."

Séraphine aliitazama mikono yake. Hakuwa ameiambia ifanye hivyo. Mguu wa kushoto, punje ya mtama, punje ya mtama, bila kuuinua. Wa kulia, juu kidogo. Akaendelea, na kuanzia siku hiyo alifika kazini kabla mlango haujafunguliwa. Usidhani alifurahi. Lakini kati ya foto na foto alijua mguu unaofuata ni upi, na hilo lilikuwa jambo la kwanza alilolijua kwa hakika tangu hospitalini.

Kipande cha mwisho kilipigwa siku chache kabla ya sikukuu. Padri alikuwa ameitwa Kavumu kupokea mzigo wa ndege, akawaachia kazi. "Kilima, mulango, anaingia. Kwisha," alisema akipanda gari. Mezani kulikuwa na kilima cha gunia lililopakwa rangi ya majani, na juu yake nyumba ndogo, na mlangoni mwanasesere wa mama aliyeinua mikono.

Mtoto alianza vizuri. Buruta, ruka, punje ya mtama. Alipofika katikati ya kilima hatua zikawa punje ya ulezi. Alipokaribia nyumba, ilikuwa vigumu kuona kama kuna kilichosogezwa.

"Mama," Apollinaire akasema, "huyu anatembea ao analala?"

"Anatembea."

"Kwa mwendo huu Krismasi itamukuta hapa inje."

"Bonyeza."

Alibonyeza. Jasho lilimtoka, tumbo likamnguruma, akabonyeza. Mguu wa kulia wa mtoto uliinuka mbele ya kizingiti, upana wa uzi, upana wa uzi mwingine. Kisha kamera ikatoa mlio mkavu. Mkanda umekwisha. Mtoto alikuwa amesimama na mguu mmoja hewani, nje ya mlango.

Padri aliporudi hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali apige. Mkanda mwingine ungetoka Ulaya baada ya miezi. Sikukuu ilikuwa imetangazwa kanisani, watu wa Bagira mpaka Kavumu wanajua, hata watoto wanaimba habari za mbuzi. Mwishoni akamgeukia Apollinaire. "Wewe utasema. Picha ikiisha, wewe unasema: mutoto aliingia, alikula, alilala. Watu wataamini."

"Wataamini, Padri. Sauti yangu inaingizaka hata ngamia mu tundu la sindano," alisema Apollinaire, ambaye unyenyekevu haukuwa zawadi yake.

Siku ya sikukuu wakubwa wa ukoo walishuka kutoka Walungu, wanaume wawili wenye fimbo na makoti. Walifika baada ya misa, wakauzunguka mkeka, wakakaa. Walimuuliza Séraphine kama ana neno. Alisema hana. Walimuuliza Évariste. Évariste alitazama vidole vyake akasema, "Muache leo iishe kwanza." Hilo lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kumpinga nalo mtu. Wakakubali: asubuhi Séraphine atafunga nguo zake. Na kwa kuwa macho hayana pazia, na wao pia walikuwa wamesikia habari za mbuzi, jioni walikwenda uwanjani na watu wengine. Euphrasie alisema mwenye msiba haendi michezoni. Halafu akaogopa kubaki peke yake na mkeka, akajitanda kitambaa chake, akafuata.

Giza liliposhika, shuka jeupe lilikuwa limefungwa kati ya miti miwili na Kadutu yote imekaa chini. Mtumbwi wa pombe ulipopaa, wazee walipiga makofi juu ya mapaja. Watu wa vichwa vya maboga walipotokea, watoto walilia na mama zao wakacheka. Mbuzi alipokula nyota, mmoja wa wale wakubwa wa ukoo alidondosha fimbo yake na hakuitafuta. Apollinaire alinguruma kwenye kipaza sauti. Séraphine alikaa kati ya Évariste na mama mkwe wake, mikono juu ya magoti, na yote aliyoyaona ni mahali ambapo kidole chake kilikuwa kimesimama kati ya foto na foto.

Kisha mtoto akatoka ndani ya mtumbwi, akaanza kutembea.

Buruta, ruka.

Euphrasie alikuwa akitafuna karanga. Aliacha. Mkono wake ulimshika Évariste gotini, naye Évariste alikuwa amekwisha kusimama nusu. Nyuma yao mwanamke mmoja wa bombani alisema polepole, "Yesu wangu, huyu ndiye mutoto wa Séraphine."

Sasa kilima. Mtoto alipanda, na kadiri alivyopanda ndivyo alivyopunguza mwendo. Watu walicheka kwanza, wakadhani amechoka na safari ya mwezini. Halafu watoto wa mbele wakaanza kumsaidia. "Ingia! Ingia!" Wakubwa wakadakia. Uwanja mzima, wanawake, wenye makoti, wote wakapiga kelele, "Ingia, mutoto! Ingia kwenu!" Mguu uliinuka mbele ya kizingiti. Ukakaa pale. Shuka likawa jeupe.

"Na mutoto," Apollinaire akanguruma, "aliingia mu nyumba, alikula, alilala—"

"Hapana."

Séraphine alikuwa amesimama. Hakumbuki alivyosimama. "Hapana. Hakuingia."

Watu waligeuka. Apollinaire aliteremsha kipaza sauti.

"Noëlla hakuingia," alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika pembeni. "Niliacha mulango wazi. Kila siku niliuacha wazi. Hakuingia. Mutoto wangu hakuingia!"

Na kilio kikafunguka. Hakikuwa kizuri, msidhani. Kilimtoka kama kitu kinachong'olewa, akaanguka magotini, akapiga udongo kwa kile kiganja kilichoungua na safari hii kikamuuma. Euphrasie alipata ruhusa yake, akapiga yowe lililosikika mpaka ziwani. Évariste akafuata, kisha wale wakubwa wawili, kisha wanawake wa bombani, kisha watu ambao hawakumjua Noëlla kabisa, kwa kuwa wengi mwaka ule walikuwa na mtu upande wa pili wa waya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wazazi pale walikuwa tele.

Kilio kilipotulia, Euphrasie alimshika Séraphine uso kwa mikono yake miwili migumu. Hakumnusa.

"Nalisema haulie," alimwambia. "Kumbe siku zote ulikuwa unalia na mikono."

Halafu alisimama akajifunga vizuri, akaenda moja kwa moja kwa Padri Ndevu, akamwomba yule mtoto wa mbao. Padri alitaka kueleza kwamba huyo ni mwanasesere tu, mama, mti na kitambaa. Alimtazama Euphrasie usoni, akaacha, akaenda kumleta.

Walipofika nyumbani mlango ulikuwa bila komeo, kama kawaida. Euphrasie alipiga magoti nje, akamsimamisha mwanasesere kwenye vumbi mbele ya kizingiti, na kwa vidole vyake vya jembe akaanza kumtembeza. Aliuburuta mguu wa kulia, akarusha wa kushoto.

"Si vile, mama," Séraphine akasema. "Wa kushoto ndio anaburuta."

Euphrasie alijaribu tena, akakosea tena. Basi akamwachia. "Muingize weye."

Séraphine akapiga magoti kando yake. Akaburuta wa kushoto mpaka kwenye mbao ya mlango. Akainua wa kulia, akaupitisha juu ya kizingiti, akaushusha ndani. Akamtembeza mpaka mkekani, akamlaza, akamfunika kwa pembe ya kitenge chake. Kisha akarudi mlangoni, akatia komeo.